Seva ya futari yaganda kila saa kumi, nikaweka limiti ya maombi, sasa wateja wangu ndio wafungiwa nje. Nimekosea wapi?

#1 Kijana_wa_Kibokoni (Jumatatu, saa 4:50 usiku)
Salaam wadau. Nina tovuti ndogo ya kuagiza futari. Mamangu na shangazi zangu wapika hapa Mji wa Kale, Mombasa, viazi karai, kaimati, sambusa, mbaazi za nazi, mkate wa sinia, na vijana wawili wa bodaboda wapeleka Kizingo, Majengo, Tudor mpaka Nyali. Siku za kawaida hakuna shida, oda thelathini arobaini zapita bila mtu kujua kama kuna seva. Lakini Ramadhani ikiingia menyu yafunguliwa saa 9 alasiri na watu waingia wote pamoja kwa sababu kila mtu ajua viazi huisha mapema, ikifika saa 10 seva imeganda, ukurasa wazunguka tu. Mwaka jana nilikuwa naizima na kuiwasha kwa mkono kila siku nami nimefunga.

Mwaka huu nikasoma soma nikaweka limiti kwenye Nginx (programu ya seva inayopokea maombi ya wageni wa tovuti), maombi 60 kwa dakika kwa kila anwani ya IP, ile namba ya muunganisho wa intaneti. Seva haikuganda kama zamani, alhamdulillahi. Lakini simu zikaanza, "mwanangu mbona menyu yako haina picha", "mbona naambiwa huduma haipatikani". Mama mmoja wa Majengo amenambia alijaribu mara sita akachoka akaenda kununua barabarani. Oda zimeshuka karibu nusu. Yaniuma kwa sababu chakula kilipikwa. Sasa hii limiti yamzuia nani hasa?

#2 FundiTudor
Wa alaykum salaam. Ni IP hiyo, usitafute mbali. Wateja wako karibu wote wako kwenye data za simu, na kampuni za simu hazimpi kila mtu anwani yake ya IPv4 (IP za mtindo wa zamani) kwa sababu zilishakwisha zamani, wanawekwa watu wengi mno nyuma ya anwani moja. Kuna hata fungu la anwani lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo tu, 100.64.0.0/10. Kwa hivyo 60 kwa kila IP ni kama nyumba ya Kiswahili ina vyumba vinane na mlango mmoja, wewe umekaa barazani wasema nyumba hii atoka mtu mmoja kwa dakika. Wa chumba cha mbele akienda dukani mara mbili, wa nyuma hatoki mpaka magharibi.

#3 Kongowea_Sokoni
Mimi nimesoma mpaka kwenye mbaazi za nazi nikasahau swali lenyewe. Mwaleta mpaka Kongowea? Kaimati sahani ngapi?

#4 Dada_Bamburi
@FundiTudor hayo ni kweli lakini hayaelezi picha. Someni tena #1, mteja asema menyu imefunguka ila haina picha. Angekuwa amefungiwa kwa sababu ya majirani asingeona hata menyu yenyewe.

Nginx haihesabu dakika kwa dakika. Ukiandika 60 kwa dakika, yenyewe yaelewa ombi 1 kwa sekunde, yaani yapima mpaka milisekunde, na ombi la pili likija kabla sekunde haijatimia larudishwa, isipokuwa umeweka burst, ile ruhusa ya maombi ya ziada kwa mkupuo. Sasa ukurasa wa menyu una picha ngapi, ishirini? Brauza haiombi moja moja kwa adabu, yaziomba kwa mkupuo. La kwanza lapita, mengine yapigwa ukuta. Yule mama wa Majengo angekuwa peke yake kwenye intaneti Mombasa nzima bado angekosa picha za sambusa.

Kijana tuwekee mistari yako ya limiti tuione.

#5 Mkisauni
Hii nishakutana nayo kazini. Kwenye ule mstari kuna zone kisha 10m, hiyo 10m ndiyo adhabu, mtu akizidisha afungiwa dakika 10. Ipunguze iwe 1m utaona watu wapumua. Halafu tusidanganyane, limiti hutoa jibu la msimbo 429. Kama wateja waona 503 "huduma haipatikani" hiyo ni seva yenyewe imekufa, bwana seva yako bado yafa ila sasa yafa kimya.

#6 Dada_Bamburi
@Mkisauni hapana, na hii naomba isomwe kabla mtu hajaenda kubadilisha. 10m ni megabaiti, ni ukubwa wa daftari la kumbukumbu ambamo Nginx yaandika anwani inazozihesabu. Kwenye mashine ya biti 64 megabaiti 1 yabeba anwani kama 8,000, kwa hivyo 10m ni kama 80,000. Ukipunguza umepunguza daftari, wala mteja hakupata nafuu yoyote. Na hakuna kifungo cha dakika 10, nafasi ikipatikana tu mtu apita.

La 429 pia: hiyo namba iliingia rasmi kwenye RFC 6585, waraka wa viwango vya intaneti, ya Aprili 2012. Nginx ilikuwa na limiti kabla ya hapo, na mpaka leo usipoiambia yatoa 503. Wataka 429, andika limit_req_status 429. Tofauti yake ni kubwa kwa sababu 503 yasema "mimi ndiye mgonjwa" na 429 yasema "wewe umeharakisha, ngoja kidogo", na programu ya upande wa pili yaweza kuambiwa kwa Retry-After ingoje sekunde ngapi.

#7 Mkisauni
La 10m nimekubali, shukran, nimeishi nalo miaka mitatu hivyo hivyo. La pili bado. Kama limiti nayo yatoa 503, Kijana atajuaje kuwa hakuna kifo pia? Alisema haikuganda "kama zamani", hakusema haikuganda.

#8 Kijana_wa_Kibokoni
Nimetoka tarawehe ndio naona, shukrani sana. Rate ni 60r/m, burst sikuweka, na nimeiweka kwenye location / kwa hivyo yashika kila kitu, picha, mitindo, oda, vyote. Picha za menyu ni 24.

Nimefungua logi ya makosa. @Mkisauni umesema jambo. Mistari ya limiti ni mingi, hiyo kweli. Lakini kuanzia saa 10 na dakika 5 ipo mingine ya kusema PHP (programu inayotengeneza kurasa zangu) haikujibu kwa wakati. Si mingi kama ile ila ipo.

Kitu kingine nimekiona sasa hivi. Zile anwani zinazozuiwa ni chache sana, kama kumi na kitu, na nikizitafuta si za Kenya hata moja. Ijumaa iliyopita niliweka CDN (mtandao wa seva za kampuni nyingine zinazompokea mteja kwanza na kuweka nakala) mbele ya tovuti, nilisikia yasaidia.

#9 FundiTudor
Basi hapo nageuza kauli yangu ya #2, ama niseme imekuwa mbaya zaidi. Mteja sasa hakugongi wewe, agonga CDN, na CDN ndiyo yaja kwako. Nginx yako yaona anwani za CDN peke yake. Umechukua Kizingo, Majengo, Tudor na Nyali ukawapa ombi 1 kwa sekunde kwa kila anwani ya CDN wagawane.

Dawa ni kuiambia Nginx ichukue anwani halisi kutoka kwa kichwa cha ombi, ipo moduli ya realip kwa kazi hiyo. Lakini tahadhari, usiamini kila anayekuletea X-Forwarded-For (kichwa kinachotaja anwani ya mteja) kwa sababu yeyote aweza kuandika humo atakacho. Utaje anwani za CDN tu kuwa ndizo unazoziamini. Nilimwona mtu aliamini zote, mshambulizi akawa abadilisha hiyo anwani kila ombi, limiti yamhesabu kama mgeni mpya kila mara, karibu karibu.

#10 BintiMakadara
Samahanini wataalamu, mimi ni mteja tu, tena huenda nimewahi kununua kwa huyu kijana. Nataka kusema upande wetu. Sisi tukiona inazunguka hatungoji. Twabonyeza tena. Tena. Twafunga twafungua. Nampa mwanangu naye ajaribu kwa simu yake, na dadangu chumba cha pili ajaribu, maana viazi vyaisha na jua lazama. Kila nikibonyeza ndio ombi jipya? Basi nyumba yangu peke yake saa 10 yatuma kama harusi nzima.

#11 Dada_Bamburi
Dada umesema kitu ambacho vitabu huandika kwa kurasa nyingi. Kila ukibonyeza ni ombi jipya, na lile la kwanza mara nyingi bado seva yalishughulikia ingawa wewe umeshaliacha. Kazi yafanywa, jibu halina mwenyewe. Ikizidiwa kidogo watu wabonyeza zaidi, ikizidiwa zaidi wabonyeza mara kumi. Ndiyo sababu programu za simu hufundishwa kurudi nyuma: ngoja sekunde 1, kisha 2, kisha 4, kisha 8, na kila mmoja aongeze kipande cha bahati nasibu wasije wakarudi wote kwa wakati mmoja. Binadamu hawafundishiki hivyo, lakini ukurasa waweza kuwaambia "oda yako imepokelewa, usibonyeze" na kuzima kile kitufe.

#12 Mzee_wa_Likoni
Wanangu mimi si mtu wa kompyuta, mjukuu ndiye kanionyesha uzi huu. Lakini mwazungumza habari ya feri. Asubuhi Likoni watu hufungiwa kwenye lile banda, lango lafunguliwa, wapita kadiri, lafungwa. Wanaobaki hulalamika na wana haki, wana kazi ng'ambo. Lakini wa rika langu twakumbuka feri iliyozama Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walifariki pale. Tangu siku ile mimi nikifungiwa lango sikasiriki. Ninalokasirikia ni lango likifungwa na mtu hakuambiwa chochote, asimame tu hajui kama ni dakika tano ama saa.

#13 FundiTudor
Shikamoo mzee. Mungu awarehemu. Hilo la mwisho nalichukua, ndiyo kazi ya Retry-After hasa.

#14 Mdau_Kinondoni
Wakuu habari za hapo Mombasa, nawasoma kutoka Dar. Mimi naona mnahangaika na Nginx wakati angeweza kuhesabu mwenyewe ndani ya programu kwa Redis (hifadhi ya data ya haraka), hapo anahesabu namba ya simu ya mteja na siyo IP. Ni mistari miwili, INCR ya kuongeza hesabu halafu EXPIRE ya kuifuta muda ukiisha. Ila nawapa tahadhari mbili zilizonila.

Moja, dirisha la dakika lina mshono. Ukiruhusu 100 kwa dakika, mtu akituma 100 kwenye sekunde ya 59 na 100 nyingine dakika mpya ikianza, amepitisha 200 ndani ya sekunde mbili na hesabu yako inasema yuko sawa. Watu wanatumia dirisha linaloteleza kuziba hapo.

Pili, programu yangu ilikata moto katikati, INCR imepita na EXPIRE bado. Ile funguo ikabaki bila mwisho. Mteja mmoja akawa amefungiwa siku nne mpaka akanipigia simu kunitukana, na alikuwa sahihi. Sasa hivi zote mbili nazifunga ndani ya skripti moja ya Lua ziende pamoja.

#15 Nyali_Kodi
Naona watu wametaja burst bila kuieleza vizuri, niseme kwa mtu kama BintiMakadara. Fikiria tangi la maji juu ya nyumba. Bomba la mfereji laingiza kidogo kidogo, tuseme debe 1 kwa dakika. Tangi labeba madebe 20. Usiku hakuna anayechota, lajaa. Asubuhi mwaweza kuchota madebe 20 kwa mkupuo, hakuna atakayewazuia, yakiisha ndio mwangojea la bomba. Hiyo ndiyo ndoo ya tokeni, na yafaa watu kwa sababu watu huja kwa vishindo kisha hutulia. Ile ya Nginx ni ya upande wa pili, ndoo imetobolewa chini, mimina utakavyo, yatoka kwa kipimo kile kile, ikijaa yamwagika. Burst ndio ukubwa wa ile ndoo. Kijana ndoo yake ni kifuniko cha soda.

#16 Dada_Bamburi
@Nyali_Kodi mfano wa tangi ni mzuri, nitauiba. Nyongeza tu, ukiweka burst=30 peke yake zile picha 24 zapita lakini kwa kungoja, moja kwa sekunde, mteja aziona zaja kama chozi. Ukiongeza nodelay zapita zote papo hapo na nafasi ndio hujirudisha pole pole. Kwa ukurasa wa picha nodelay ni lazima.

#17 Mwanafunzi_wa_Kompyuta
Jamani mbona hakuna aliyeifungua tovuti yenyewe? Nimemwandikia Kijana faragha akanipa anwani. Nimefungua menyu nikaacha simu mezani, sikugusa kitu. Kila sekunde 3 ukurasa watuma ombi kuuliza "oda imeiva?" hata kama sijaagiza chochote.

Hesabu: watu 200 wamefungua menyu wakingojea, kila mmoja ombi moja kwa sekunde 3, hayo ni maombi kama 67 kila sekunde na hakuna hata mmoja aliyenunua sambusa. Kijana kanambia PHP yake ina wafanyakazi 10 (si watu, ni nakala za programu, kila moja yashika ombi moja kwa wakati), tuseme kila ombi lachukua nusu sekunde kwa sababu laenda mpaka databesi, basi uwezo wake wote ni 20 kwa sekunde. Amezidiwa mara tatu na ukurasa wake mwenyewe.

Na kwa limiti ya ombi 1 kwa sekunde, hayo maswali ndiyo yala nafasi ya picha na ya oda. Kwa maoni yangu IP na CDN ni za pembeni.

#18 Kijana_wa_Kibokoni
Subhanallah. Hiyo nilikopi kutoka kwa mradi mwingine, sikujua yaanza kabla mtu hajaagiza.

#19 FundiTudor
Si za pembeni. Kama CDN yafanya watu wote waonekane kumi na kitu, hata ukiondoa hayo maswali yote bado 1 kwa sekunde haitoshi mtaa mmoja. Zote mbili zipo, suala ni ipi iliua oda.

#20 Mkisauni
Nami nasema kuna boti, programu zinazojiendesha zenyewe. Nusu ya oda kupotea? Angalia nani asoma menyu usiku wa manane. Wauza futari wengine wanakwangua bei zako kwa boti.

#21 Kongowea_Sokoni
Boti hizo zatoka Lamu ama Shimoni?

#22 Mkisauni
Cheka, lakini boti ndizo ziliziangusha huduma za eCitizen, tovuti ya serikali ya Kenya, Julai 2023, waziri mwenyewe alisema wazi kuwa washambulizi walijaza mfumo maombi kupita kiasi. Wangekuwa na limiti yale yasingetokea.

#23 Dada_Bamburi
La Julai 2023 ni kweli, kundi la Anonymous Sudan lilijitangaza, na Oktoba 2024 Marekani iliwashtaki ndugu wawili kwa kuliendesha. Lakini hitimisho lako silikubali. Limiti ya Nginx yakaa nyuma ya waya wako wa intaneti. Waya ukishajaa, wewe hata ukikataa kila ombi, zile za watu wema hazikufikii. Mwaka huo huo 2023 Google ilipokea shambulizi lililofika maombi milioni 398 kwa sekunde, hayo huzuiwa kwenye mitandao mikubwa iliyotawanyika dunia nzima, si kwenye seva ya Kibokoni. Limiti ya Kijana ni ya msongamano wa watu wa kweli, mkwanguaji mmoja mmoja, na programu yenye makosa.

Na boti za kawaida Mkisauni, hizo zingekuja usiku kama ulivyosema. Yeye afa saa 10 jioni.

#24 Mkisauni
Mkwanguaji wa menyu aja menyu ikifunguliwa. Siachi hoja yangu mpaka nione logi.

#25 Vitenge_Mwembe_Tayari
Nimesoma kimya ila hapa lazima niseme, kwa sababu naona mwaelekea kukaza limiti na hamjataja malipo. Mimi nauza vitenge mtandaoni, wateja walipa kwa M-Pesa, ile ya kuletewa kidirisha kwenye simu waweka namba ya siri. Mtu akishalipa, jibu la malipo laja kwenye seva yangu kutoka nje, na majibu yote yaja kutoka anwani chache zile zile. Niliweka limiti kwa IP kama Kijana. Idi ilipokaribia, watu wakalipa kwa wingi, Nginx yangu ikaona anwani moja yatuma sana, ikaizuia. Ikawa pesa imekatwa, oda haionekani. Makosa yangu mimi, si ya mtu mwingine. Nilikaa siku mbili nalinganisha ujumbe mmoja mmoja na daftari, kuna mama alikuwa akilia dukani kwa shilingi 3,400.

Tafadhali Kijana, njia ya majibu ya malipo iondoe kabisa kwenye limiti, ilinde kwa njia nyingine. Na kitufe cha kulipa kipe namba ya oda moja, hata akibonyeza mara tano liwe ombi lile lile, asiletewe vidirisha vitano.

#26 Kijana_wa_Kibokoni
Nimepata baridi. Naenda kuangalia sasa hivi.

(Baada ya nusu saa) Wapo. Watu watatu jana walilipa na oda zao sikuzipata. Nimewapigia wote, wawili nimewarudishia, wa tatu asema nimpelekee kesho na niongeze kaimati. Vitenge, Mungu akulipe.

#27 Pwani_Nyaya
Mwaruka jambo moja, intaneti yenyewe. Nyaya za bahari zikikatika kila kitu hulemaa, Mei 2024 si mliona EASSy na SEACOM zilivyokatika.

#28 Nyali_Kodi
Zile zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Mombasa hapa pana nyaya nyingine, TEAMS yatua hapa hapa. Lakini usimfukuze kabisa huyu. Mtu akiwa na mtandao mzito, ombi lake hukaa kwenye seva muda mrefu zaidi. Wafanyakazi 10 wakishikwa na wateja 10 wazito, wa kumi na moja asubiri hata kama hakuna msongamano wowote. Hapo limiti ya maombi kwa sekunde haikusaidii, wahitaji limiti ya miunganisho kwa wakati mmoja, Nginx inayo pia.

#29 Dada_Bamburi
Nginx hupokea ombi lote kwanza ndipo yalipeleka PHP, kwa hivyo mteja mzito hamshiki mfanyakazi wa PHP hivyo. 

#30 Nyali_Kodi
Ikiwa hajabadilisha mipangilio. Huyu kashakopi kodi ya mtu mara moja.

#31 BintiMakadara
Mniruhusu tena. Kwani lazima menyu ifunguliwe kwa wote saa 9? Si mwafungulia Nyali saa 8, Tudor saa 8 na nusu, Majengo na Mji wa Kale saa 9 maana sisi tuko karibu? Na viazi vigawanywe, kila mtaa fungu lake, mtu asikimbilie.

#32 Mwanafunzi_wa_Kompyuta
Hii ndiyo hoja bora zaidi kwenye uzi mzima na imetoka kwa mteja.

#33 Mdau_Kinondoni
Naunga mkono dada. Na menyu yenyewe mkuu, haibadiliki mchana kutwa, kwa nini kila mtu anapelekwa mpaka databesi? Iweke kache (nakala iliyo tayari) kwenye hiyo CDN, databesi iguswe wakati wa oda tu. Unaweza kukuta limiti huihitaji kabisa kwenye menyu.

#34 FundiTudor
Kwenye menyu labda. Kwenye kutuma ule ujumbe wa namba ya siri ya mara moja lazima, tena kali, maana kila SMS ni hela na mtu mmoja mwenye nia mbaya aweza kukumalizia salio usiku mmoja. Mimi huweka 3 kwa namba moja kwa dakika 10.

#35 Kijana_wa_Kibokoni (Jumatano, saa 5:15 usiku)
Ripoti. Jana usiku sikulala. Nimerudisha anwani halisi za wateja, picha nimeziachia CDN, oda nimeweka 10r/s na burst 30 nodelay, majibu ya malipo nimeyatoa kwenye limiti, yale maswali ya kila sekunde 3 sasa ni kila sekunde 20 na ni kwa aliyeagiza tu. Leo picha zimeonekana kwa wote, simu ya malalamiko moja tu, oda zimerudi na kupita za juzi. Mama amefurahi mpaka amenipa sahani ya mkate wa mayai nipeleke msikitini.

Lakini saa 10 na dakika 7 seva ilikwama tena kama dakika 4. Kwenye logi limiti haikumzuia mtu karibu yeyote wakati huo. PHP ndiyo haikujibu.

#36 Dada_Bamburi
Hongera kwa oda. Lakini umebadilisha mambo matano kwa usiku mmoja, sasa hakuna atakayejua lipi lilikuwa lakuua na lipi lilikuponya. Mimi nasema picha, Fundi asema CDN, Mwanafunzi asema sekunde 3, na sote twaweza kuwa sawa.

#37 Mwanafunzi_wa_Kompyuta
Zile dakika 4 nahisi ni databesi. MySQL bila kuguswa hukubali miunganisho 151 lakini kwa wafanyakazi 10 hufiki huko, kwa hivyo si idadi, ni kufuli. Wote waagiza viazi karai, wote wapunguza mstari ule ule wa hesabu ya viazi, kila mmoja amngoja mwenzake. Sambusa hazina shida hiyo?

#38 Kijana_wa_Kibokoni
Sambusa hazikukwama! Wallahi sijafikiria hilo. Ila pia saa 10 na dakika 5 ndio bekapu yangu hujiendesha, niliiweka hapo zamani nikidhani watu wako usingizini wa mchana.

#39 FundiTudor
Bekapu saa 10 jioni Ramadhani!

#40 Mkisauni
Na ile logi ya menyu bado hujaiweka. Kuna anwani moja yaomba menyu kila dakika kuanzia saa 9 kamili? Angalia tu.

#41 Kijana_wa_Kibokoni
Ipo moja. Yaomba kila sekunde 60 kamili, haikosei. Sijui ni nani. Naihamisha bekapu iende saa 9 usiku, kitu kimoja hicho tu, kesho nitawaambia kama saa 10 na dakika 7 yapita salama. Lile fungu la viazi kwa kila mtaa nimemweleza mama, asema Nyali wapewe kidogo kwa sababu hawali sana.

#42 Kongowea_Sokoni
Kongowea je?